Diski ya Mishi

Shebuge hakuigusa kompyuta. Aliizunguka pale ilipokuwa juu ya mkokoteni, akainama, akagonga kava kwa kifundo cha kidole, kisha akanyooka na kujipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.

"Ina diski, mama."

"Najua ina diski. Ni kompyuta."

"Basi irudishe nyumbani."

Mwantumu akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyekaa chini ya paa la paneli za jua zilizokufa, na nyuma yake yadi ilijaa kila kitu ambacho mji wa Tanga ulikuwa umekichoka: majiko yanayosema, feni zinazojua jina la mwenye nyumba, miguu ya roboti za kufagia iliyofungwa mafungu kama kuni. Kwenye nguzo palikuwa na bango la rangi nyekundu: BOKSI LENYE SIRI HALIPOKELEWI.

"Bisibisi hiyo hapo mezani kwako," Mwantumu akasema. "Skrubu chache tu. Toa, nikaendelee na shughuli zangu. Nina Jumamosi moja tu kwa wiki."

"Nitoe mimi? Siri ya nyumba yako, mbele ya watu?" Shebuge akacheka bila sauti, tumbo tu likatikisika. "Zamani tulikuwa tunatoa. Baadaye tukashangaa, mbona wapo wanaonunua diski tu, maboksi hawayataki? Kumbe wanakwenda kuziunganisha. Wanasikiliza watoto wa watu, halafu wanampigia baba mtu simu: una shilingi ngapi tusimwambie jirani? Sasa tumekatazwa. Anatoa mwenye nyumba, kwake, kwa mkono wake. Aitoboe, aizike, aichome, shauri yake. Mimi nataka boksi tupu."

"Hii haina siri. Ilikuwa ya mtoto."

"Hao ndio wenye siri, mama." Akainama tena, safari hii akasoma kibandiko cha nyuma. "Kuna Somo humu?"

"Kuna Somo."

"Toleo la kwanza hili." Akapiga mluzi mdogo. "Basi kaa nayo vizuri. Matoleo yaliyofuata, diski imefungwa yenyewe, hata ukiitoa huambulii kitu. Hili la kwanza, kufuli liko kwenye boksi. Somo ndiye bawabu. Diski ikiwa ndani, hatoi neno hata umpige rungu. Ukiichomoa tu, bawabu kabaki nyuma, mlango uko wazi. Yeyote mwenye kisomeo anasikiliza."

"Yeyote?"

"Hata wewe."

Hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza kazi yake tu, kama fundi anayekuambia usishike waya ule. Lakini Mwantumu aliyasikia maneno yale mawili njia nzima ya kurudi, mkokoteni ukiruka kwenye mashimo na kompyuta ikigonga ubao kama mtu anayebisha hodi kutokea ndani.

*

Mwantumu alikuwa na stashahada ya ufundi wa maabara, na alikuwa akipima ubora katika kiwanda cha kusindika machungwa. Hakuwa mtu wa kuzunguka. Juisi ikiwa imeharibika alisema imeharibika, hata meneja akiwa amesimama na wageni. Watu walimwogopa kidogo na kumwamini sana, na yeye aliona huo ni mpango mzuri.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye Mwantumu alizunguka anaposema naye, na mtu huyo alikuwa binti yake.

Mishi alikuwa Mtwara, ameolewa, ana mimba ya kwanza ya miezi saba. Alipiga simu Idi mbili za mwaka na siku mama yake akiumwa. Aliuliza hali, alijibu hali, akakata. Hakuwa na dharau; heri angekuwa na dharau, mtu angejua pa kushika. Na sasa, uzazi wa kwanza, ule ambao kila binti wa pwani hurudi kwao kwa mama yake, Mishi alikuwa amesema atajifungulia kwa mama mkwe. Hata hilo hakulisema mwenyewe. Mama mkwe ndiye aliyepiga, kwa aibu, kama mtu aliyeokota pochi isiyo yake.

Mwantumu alijua lilipoanzia. Lilianza likizo moja ya Desemba, Mishi akiwa na miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa amefariki, zamu za kiwandani zilikuwa za usiku na mchana, na wifi yake Mwantumu, Bahati, dada wa marehemu, alikuwa amemchukua Mishi Korogwe asome huko. Mishi alikuja likizo yule yule wa siku zote. Aliporudi Januari, alipanda basi akiwa mtu mwingine. Aliaga kama anayemuaga karani wa benki. Tangu siku ile.

Kilichotokea katikati, Mwantumu hakukijua. Lakini Somo alikijua. Mishi alikuwa ameketi mbele ya ile kompyuta pale pembeni ya sebule jioni moja ya likizo ile, mlango umerudishwa.

Aliiweka juu ya meza ya chakula, akaiwasha kwa mara ya mwisho ili ahamishe picha za marehemu mumewe. Skrini ilipata mwanga polepole.

"Habari za asubuhi, mama Mishi," ikasema sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye lafudhi ya Pangani. "Mishi hajambo?"

"Hajambo. Ana mimba."

"Hongera. Hajaniambia."

"Usijali. Na mimi hakuniambia."

Kila mtoto wa mji ule alikuwa amepewa Somo alipoanza darasa la kwanza. Ulikuwa mpango wa wakati ule: watoto walikuwa wanajifungia na simu, wanaumia kimya, na wazazi wako kazini. Wataalamu wakasema pwani tayari tunayo dawa yake. Binti wa Kiswahili alikuwa na somo, mwanamke aliyechaguliwa na wakubwa, wa kumfunda na kumwambia yasiyosemeka mbele ya mama. Wakatengeneza programu ya namna hiyo, kila mtoto na wake, na kijitabu juu. Mwantumu alikisoma kijitabu mwanzo hadi mwisho, kama anavyosoma maelekezo ya mashine ya maabara. Yeye alizaliwa Lushoto, akakulia mabweni. Mambo ya somo aliyakuta alipoolewa, na mengi aliyajua kutoka kwenye kurasa zile. Kanuni ya kwanza ilikuwa fupi: Mzazi haulizi.

Hakuuliza. Miaka yote ile hakuuliza hata mara moja, na alijivunia.

"Nakuzima leo," akasema. "Natoa na diski."

"Sawa, mama Mishi."

"Huna la kusema?"

"Nimetengenezwa kusikia."

Akavuta kiti, akakaa. "Mwaka ule, kabla hajarudi Korogwe. Alikwambia nini?"

"Mzazi haulizi, mama Mishi."

"Nauliza."

"Na mimi sijibu," Somo akasema, kwa upole ule ule aliokuwa akimwambia Mishi amalize hesabu zake. Mwantumu akamaliza kuhamisha picha, akaizima.

Akachomoa waya ukutani. Akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka umeme uliobaki ndani ukaisha, akaweka kiganja kwenye chuma cha fremu ili na wa mwilini mwake uishie hapo. Skrubu mbili za nyuma, kava la pembeni likateleza. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye feni kama pamba ya mto wa zamani. Diski ilikaa kwenye kitanda chake cha chuma, imeshikwa na skrubu nne na waya mbili, mmoja mpana wa umeme na mwingine mwembamba wa kupitisha data. Alizivuta kwa kushika vichwa vya plagi, si waya zenyewe, moja baada ya nyingine. Hazikupiga kelele yoyote. Alitoa diski, akaipima mkononi. Ilikuwa nzito kuliko ukubwa wake.

*

"Hodi! Nimeleta drili. Nani anauawa?"

Bi Saumu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, na hakuna kitu alichofanya polepole isipokuwa kusahihisha mitihani. Aliingia na drili mkono mmoja, mkoba wa shule mkono mwingine, akaiona diski juu ya kitambaa cha meza.

"Ndiye huyo? Maskini. Kadogo hivyo."

"Karibu ukae. Nataka tundu moja katikati, jingine pembeni, boksi lirudi yadini kabla hawajafunga."

Bi Saumu aliiweka drili mezani bila kuiwasha. "Ni Somo wa Mishi?"

"Ndiye."

"Toleo la kwanza. Yaani iko wazi." Alikuwa mwepesi wa kuunganisha mambo. "Na hujasikiliza."

"Sijasikiliza."

"Mwantumu. Shoga yangu. Miaka yote hii unanililia mimi ukutani—"

"Mimi silii."

"—unakohoa ukutani, basi, usiku kucha, unajiuliza mtoto nilimkosea nini. Jibu liko juu ya meza, karibu na chumvi. Na unaomba drili!"

"Alimwambia mtu aliyeahidi kwamba hatasema."

"Alimwambia kompyuta."

"Alianza naye akiwa na miaka saba. Kwake alikuwa mtu." Mwantumu alikunja kitambaa cha kufutia vumbi, akakikunjua. "Shebuge kanieleza habari za wale wanaonunua diski. Nimewatukana njia nzima. Nikifungua hii, tofauti yangu na wao nini? Wao wanataka pesa, mimi nataka amani. Mlango ni ule ule."

"Tofauti yako ni kwamba wewe ni mama yake."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mgeni akiiba siri yako unabadilisha kufuli. Mama akiiba, utabadilisha nini?"

Bi Saumu aliigeuza diski, akairudisha pale pale. Kisha akafungua mkoba wa shule, akatoa kisomeo, kile kidude chenye waya anachotumia kusomea diski za mitihani, akakiweka mezani taratibu.

"Mimi sikushauri," akasema. "Naweka tu. Kama ilivyo chumvi."

Na Mwantumu, ambaye hakuwa malaika, akaunganisha.

Skrini ya kisomeo ikajaa tarehe. Mafaili yalikuwa mengi kama mchele: Mishi wa miaka saba, wa minane, wa kumi, mengine marefu, mengine pumzi tu. Mwantumu aliteremka kwa kidole mpaka mwaka ule, mpaka mwezi ule. Wiki ya mwisho ya likizo ilikuwa na faili moja peke yake. Kidole kikakaa juu ya faili, hakikugusa. Bi Saumu akasogeza kiti nyuma ili asionekane anachungulia, akachungulia.

"Kiherehere changu kitaniua," akasema, "lakini mimi nashangaa siri hizi za siku hizi. Somo wangu mimi, Bi Mwanakombo, Mungu amrehemu, alikuwa hafungii kila siri. Nilimwambia sitaki kuolewa na yule mwenye duka la baiskeli, ananuka grisi. Asubuhi yake mama anajua! Na posa imerudishwa!"

Mwantumu akageuka. "Alikusaliti?"

"Alinisaliti wapi? Ndiyo kazi yake. Ningemwambiaje mama mwenyewe? Ningeanza na neno gani? Unamwambia somo, somo anakwenda kunywa kahawa kwa mama yako, anasema huku na huku, anaacha neno limelala kwenye mkeka, anaondoka. Mama analiokota. Hakuna aliyeona haya."

"Kijitabu kinasema siri hukaa kwa somo."

"Siri nyingine hukaa. Ile unayotaka ifike, inafika. Somo ndiye anajua ipi ni ipi." Bi Saumu akainua mabega. "Walioandika kijitabu waliuliza nusu, wakaenda zao."

Mwantumu aliondoa kidole kwenye skrini kana kwamba imekuwa ya moto. Alisimama. Alikwenda hadi dirishani, akarudi, akaikuta diski pale pale.

Mishi alifundwa na bibi yake wa Pangani, mama mzazi wa baba yake. Mishi hakuwahi kusoma kijitabu.

"Saumu," akasema. "Nenda kaangalie chakula chako jikoni."

"Sijapika leo."

"Nenda kapike."

Bi Saumu alimtazama usoni, akachukua mkoba wake, akaondoka bila utani. Drili aliiacha.

*

Simu iliita kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Hujambo?"

"Sijambo. Leo siyo Idi."

"Najua leo siyo Idi." Mwantumu alikuwa amesimama wima kama aliyeitwa ofisini. "Mishi, nimetoa diski ya Somo wako. Ile kompyuta naipeleka kuvunjwa. Diski iko mezani, imeunganishwa kwenye kisomeo, na naweza kusikiliza ulichomwambia mwaka ule kabla hujarudi Korogwe. Sijasikiliza. Nina swali moja. Ulipomwambia, ulidhani ataniambia?"

Upande wa pili paliendelea kusikika feni, na mahali mbali mtu akitwanga.

"Mama," Mishi akasema, "si alikwambia?"

"Hakuniambia."

"Alikwambia."

"Hakuniambia hata neno moja, Mishi. Hakutengenezwa kusema. Na mimi niliambiwa nisiulize, sikuuliza. Nimeuliza leo asubuhi kwa mara ya kwanza, amenikatalia."

"Ulininunulia blanketi."

"Blanketi gani?"

"La kahawia, mama. Usinifanye mjinga." Sauti haikupanda, ilikauka tu. "Nilimwambia Somo nalala wapi kule kwa shangazi. Siku iliyofuata ukatoka, ukarudi na blanketi, ukalikunja juu ya sanduku langu, ukasema, hili litakufaa. Nikajua umeambiwa. Nikajua na jibu lako ndilo lile. Huwezi kumgusa wifi yako, basi mtoto apewe blanketi. Nikapanda basi. Ulitaka nifanye nini, nilie?"

Mwantumu alilikumbuka blanketi. Alikumbuka hata sauti ya muuzaji akinadi.

"Lilikuwa la mnada," akasema. "Walikuwa wanauza mawili kwa bei ya moja. Moja nililichukua mimi. Ninalo mpaka leo."

Akahamishia simu sikio la pili.

"Mishi, Korogwe kuna joto. Mtu mwenye akili angekupa blanketi la nini? Ningejua, ningekupa blanketi?"

"Bibi alisema jambo la kumwambia mama mpe somo," Mishi akasema polepole, kama anayehesabu upya hesabu aliyokwisha kuifunga. "Alisema usiulize kama limefika, ni utovu wa adabu. Utaona mwenyewe kwa vitendo vya mama."

"Ulilala wapi?"

"Hapana. Nilishasema mara moja, sisemi tena." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Hilo moja. Halafu nipigie."

Akakata.

Mwantumu akaketi. Sasa ruhusa alikuwa nayo, na mkono ulikuwa mzito kuliko ulivyokuwa wakati hana. Akagusa.

Kwanza kikasikika kiti, kile kilichokuwa na mguu unaocheza. Kisha sauti ya mtoto, karibu mno, kana kwamba yuko chini ya meza.

"Somo."

"Naam, Mishi."

"Kwa shangazi, mimi nalala jikoni. Chini. Kuna panya." Kiti kikacheza. "Naamshwa kabla ya adhana, nakanda maandazi, nakwenda kuyauza stendi. Shule nafika kipindi cha pili. Mwalimu keshachoka kunipiga. Yasipokwisha, sili. Mimi siyo mvivu, Somo. Ningekuwa mvivu ningesema."

"Nimekusikia, Mishi."

"Mama anampenda sana shangazi. Anaona kamsaidia. Mimi nikisema nitaonekana namchongea dada yake baba, na baba hayupo. Basi... nimekwambia wewe. Wewe unajua pa kuifikisha."

"Nimekusikia. Iko salama kwangu."

"Kabla ya Jumatatu?"

"Iko salama, Mishi."

Mtoto akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua ndoo kichwani. "Ahsante, Somo. Ahsante sana."

Kiti kikalia tena, faili likaisha.

Mwantumu alibaki ametazama ukuta. Kila mwezi, kwa miaka miwili, alikuwa amempelekea Bahati mfuko wa ngano na sukari, shukrani za kumlelea mtoto. Aliichagua ngano mwenyewe, ile nyeupe, kwa sababu Bahati alikuwa amesema nyingine haiumuki. Alijua kupima tindikali ya chungwa kwa kulinusa. Na mikono ya binti yake ilipokuja likizo imepasuka kwenye vidole, alimwambia apake mafuta.

Hakumlaani Somo. Lilikuwa jambo lisilo na maana, kama kulaani mizani. Mashine ilifanya ilichofundishwa, na yeye alifanya alichofundishwa, na wote wawili walifanya vizuri sana.

Chini ya faili lile palikuwa na mengine. Mishi wa miaka kumi na saba. Mishi wa likizo iliyofuata, aliyeketi mbele ya Somo yule yule akiamini mama yake anajua na amekaa kimya. Alimwambia nini siku hiyo? Mwantumu aliziangalia tarehe zile. Ziliposogea chini ya macho yake aligundua ni yeye anayezisogeza. Akashika waya wa kisomeo kwa kichwa cha plagi, akauchomoa.

Akapiga simu.

Mishi alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nimesikia," Mwantumu akasema.

"Mm."

"Nimesikia leo. Sina la kujitetea zaidi ya hilo. Ningesikia siku ile, ungelala kwako, na shangazi yako ningekwenda kumwaga unga wake barabarani."

"Ungemwaga kweli." Katika sauti ya Mishi kulikuwa na kitu kidogo, hakikuwa kicheko. "Umesikiliza na mengine?"

"Hapana."

"Yapo mengine kuhusu wewe."

"Nafikiri yapo."

"Mabaya."

"Nimechomoa waya."

"Kwa nini? Si iko wazi?"

"Umesema hilo moja."

Mtwangaji wa kule Mtwara alikuwa amepumzika. Mwantumu alimsikia binti yake akihama, mlango ukifungwa, kitanda kikipokea uzito wa mtu mwenye mimba. Alitamani kumwambia alalie ubavu wa kushoto. Alitamani kumwambia arudi nyumbani, chumba kiko tayari, kimekuwa tayari tangu alipoondoka. Aliliuma lile neno. Halikuwa lake kulisema.

"Mama mkwe amenitandikia chumba cha mbele," Mishi akasema, kana kwamba amelisikia. "Ameshanunua na beseni. Siwezi kumvunja moyo. Nitajifungulia hapa."

"Jifungulie hapo. Ni mwanamke mwema."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika. Si kwako."

Kisha Mishi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Hiyo diski utaifanyaje?"

"Nilikuwa na drili hapa. Lakini ni yako. Sema wewe."

"Ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi nitaletewa?"

"Utaletewa," Mwantumu akasema, na akili yake ya kazi ikakimbia mbele kama kawaida. "Nitaifunga kwenye sanduku la bati, niweke na pamba isitikisike, niwape watu wa vifurushi Jumatatu. Inafika huko keshokutwa yake, wana gari la—"

Akajisikia mwenyewe anavyosema. Akanyamaza katikati ya gari.

Upande wa pili Mishi naye alikuwa amenyamaza, kimya cha mtu aliyeacha neno limelala kwenye mkeka na sasa anatazama pembeni.

Mwantumu aliitazama diski. Aliweka kiganja juu yake, kama alivyokigusa chuma cha fremu asubuhi ile.

"Au niilete mwenyewe," akasema.

"Ilete mwenyewe, mama," Mishi akasema. "Daktari anasema mwisho wa mwezi ujao. Ilete kabla."